Usaili wa ndoa kwa video nikiwa Mtwara: niliyoulizwa na ninayotaka mwenzangu ayajue mapema

Naandika haya kwa wenzangu wa Mtwara na Lindi wenye mume au mke Kanada, hasa wale ambao maombi ya kudhaminiwa ukaazi yameshapelekwa na sasa wameletewa barua ya kuitwa kwenye usaili wa video. Nilipoletewa barua hiyo nilitafuta mtu wa huku kwetu aliyeipitia, nikamkosa. Niliowapata walikuwa Dar es Salaam, na wengi walinishauri tukaririshane majibu na mume wangu: rangi ya mswaki wake, upande anaolalia kitandani, jina la shangazi yake mdogo. Sikuulizwa hata moja kati ya hayo. Nilihojiwa juu ya maisha yangu, pamoja na sehemu ambazo kwetu huwa hatuzisemi mbele ya mgeni.

Si kila anayedhaminiwa huitwa. Mafaili mengi huamuliwa kwa karatasi tu. Ukiitwa haina maana umeshakataliwa. Maana yake ofisa amesoma, kuna jambo halijamkaa sawa, anataka alisikie kwako. Kwetu sisi mambo hayo yalikuwa wazi hata kwa mtu asiyetujua. Nimemzidi mume wangu miaka sita. Niliwahi kuolewa nikaachika, na nina binti wa ndoa ile. Na sehemu kubwa ya uchumba wetu ilipita kwenye simu.

Mume wangu ni mtu wa Newala. Tulifahamiana Mtwara mjini mwaka 2018, alipopanga chumba jirani na kwetu Chikongola. Mwaka uliofuata akaenda Kanada kusoma, baadaye akapata ukaazi wa kudumu na kazi katika kiwanda cha nyama huko Brooks, jimbo la Alberta. Posa ililetwa yeye akiwa huko. Ndoa tulifunga Mikindani Desemba 2023, alipokuja likizo, akakaa nami wiki chache kisha akarudi kazini. Hapo ndugu walisema sana. Lakini mwenye ukaazi wa kudumu lazima awe anaishi Kanada wakati anamdhamini mwenzake; anayeruhusiwa kudhamini akiwa nje ni raia peke yake, tena aoneshe kuwa watarudi kuishi huko. Kama mume angekaa huku kunisubiri, maombi yangekufa.

Kabla sijafika kwenye usaili wenyewe, naeleza kwanza mambo matatu ya nyuma, kwa sababu usaili wangu ulisimama juu ya hayo.

La kwanza ni mtoto. Fomu za mwanzo nilikwenda kujaziwa na kijana wa steshenari moja mjini, ambaye huwajazia watu maombi ya vyuo na ya ajira. Alinipokea vizuri. Tulipofika sehemu ya watoto akaacha kuchapa, akainamisha sauti: "Dada, huyu si anaishi kwa baba yake? Basi tusimuweke, atakuchelewesha. Ukishafika huko utamvuta." Nikamuuliza ana hakika? Akasema amewajazia wengi hivyo hivyo. Nilimpigia mume wangu pale pale dukani, akasema tusimamishe kwanza, asome.

Alichokisoma kila mzazi anayedhaminiwa akijue. Katika kanuni za uhamiaji za Kanada kuna kifungu cha 117(9)(d). Mtoto ambaye hakutajwa na hakupimwa wakati mzazi wake anaomba ukaazi hutolewa nje ya familia kisheria, na kesho mzazi huyo akitaka kumdhamini anaambiwa haiwezekani. Tangu 2019 serikali yao iliweka utaratibu wa muda wa kuwasaidia baadhi ya waliokwama hivyo, lakini nani ataweka maisha ya mwanawe juu ya msamaha ambao hajui utakuwepo hadi lini? Juu ya hapo, kuficha jambo la msingi kwenye maombi ni kosa linaloweza kukufungia mlango miaka mitano. Yule kijana hakuwa mtu mbaya. Alikuwa anafanya kazi asiyoijua, na watu wanamlipa.

Kumtaja mtoto kulikuwa na gharama yake. Hata kama mtoto hafuatani nawe, lazima apimwe afya na madaktari walioidhinishwa na Kanada, na kwa sisi wa Kusini hiyo ni safari ya Dar es Salaam. Binti yangu anaishi na baba yake Nachingwea. Baba yake aliposikia habari ya vipimo aliamini nataka kumtorosha mtoto, akakataa hata kunipa cheti cha kuzaliwa. Sikuenda peke yangu kumbembeleza. Nilikwenda na mjomba, kwa sababu kwetu mjomba ndiye mwenye kauli, na mzee yule alizungumza naye taratibu hadi jioni. Tukaandikiana mbele ya mwenyekiti wa kijiji: mtoto anabaki kwa baba yake, vipimo ni kwa ajili ya kulinda haki yake ya baadaye, na baba mwenyewe ndiye atakayempeleka na kumrudisha, nauli na malazi juu yangu. Hela hiyo ilitoka kwenye korosho za mama. Haikuwa ndogo, na msimu ule mama hakuezeka banda lake.

La pili ni talaka. Mume wangu wa kwanza aliniacha kwa karatasi iliyoandikwa kwa mkono, ikathibitishwa na sheikh wa mtaa. Kidini nilikuwa nimeachika, na eda nikakaa. Lakini Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka mahakama ndiyo iseme kuwa ndoa imevunjika, baada ya shauri kupita kwenye baraza la usuluhishi. Namshukuru baba yangu mdogo, aliyeniambia mwaka 2018 niende Mahakama ya Mwanzo nipate hati, wakati huo hata sina wazo la kuolewa tena. Kina dada wengi huku wanaishi na ile karatasi ya sheikh tu. Kama ndiyo unayo na umeshachumbiwa na mtu wa nje, shughulikia mahakamani kabla ya ndoa ya pili. Hati ikitoka baada ya nikaha mpya, ofisa ataona tarehe zinapishana, na swali lake litakuwa: ulipofunga ndoa hii, ile ya kwanza ilikuwa imeisha?

La tatu ni nikaha yenyewe, na hapa ndipo nawaomba watu wa pwani wasome kwa makini. Tangu tarehe 11 Juni 2015 Kanada haitambui, kwa ajili ya udhamini, ndoa ambayo mmoja wa wanandoa hakuwepo mwenyewe pale ilipofungwa. Nikaha ya wakili, yaani mtu anayemwakilisha bwana harusi, ya simu, ya video, zote hazipiti. Kwetu bwana harusi kuweka wakili ni jambo la kawaida na la halali kidini, kwa hiyo wengi hatuoni tatizo. Namfahamu dada mmoja wa Lindi aliyeozwa kwa wakili huku mume akiwa kazini Kanada. Ilibidi mume asafiri, wafunge upya wakiwa pamoja, na safari yote ya karatasi ianze mwanzo. Alipoteza muda mwingi na machozi mengi.

Tena kuna ile desturi ya nikaha kusomwa msikitini, bwana harusi na walii wakiwa kule, na bibi harusi yuko nyumbani anapambwa. Sisi tuliomba nikaha isomwe nyumbani. Nilikaa chumba cha ndani na wanawake, mlango wazi, sheikh akaja mlangoni kuniuliza ridhaa yangu mbele ya mashahidi, na cheti nikakisaini pale pale, mume naye akasaini, tukapigwa picha tukiwa na kalamu mkononi. Bibi zangu waliona hilo la picha ya kalamu ni ushamba. Siku ya usaili ndiyo picha aliyoanza nayo ofisa.

Kuhusu pesa nitasema haraka. Mwaka 2024 tulipolipa, ada ilikuwa dola 1,205 za Kanada: 85 za udhamini, 545 za kushughulikia maombi na 575 za haki ya ukaazi wa kudumu. Alama za vidole dola 85 nyingine. Pasipoti Sh 150,000. Halafu vipimo, hati ya polisi, na wafasiri. Kila karatasi ya Kiswahili lazima ifasiriwe na mtu mwenye kuaminika kisheria. Ndugu haruhusiwi kukufasiria hata awe mwalimu wa Kiingereza. Na hilo linahusu mazungumzo ya WhatsApp pia. Usipeleke kurasa mia tano za "umekula?" na "nimekula". Chagua chache zinazoonesha mambo: siku ya ugomvi, siku ya msiba, mlipopanga mahari, alipokutumia hela ya dawa ya mama. Ugomvi usiuondoe. Watu wasiogombana hata mara moja katika miaka mitano ya simu wanatia shaka.

Na hakuna ada ya usaili. Aliwahi kunitumia ujumbe mtu asiyejulikana, akisema nilipie nafasi ya intavyuu kwa namba ya simu. Serikali ya Kanada haikusanyi ada zake kwa namba ya simu ya mtu.

Barua ya usaili ilikuja kwa barua pepe, masika ya 2025. Jambo la kwanza kuangalia ni saa. Barua iliandikwa 10:00, saa za Afrika Mashariki. Hiyo ni saa nne asubuhi. Mama aliposikia "kumi" akajua ni alasiri, akaanza kupanga kwamba asubuhi niende kwanza sokoni. Saa za kizungu na za kwetu zinapishana kwa sita, kila mtu anajua, lakini mtu mwenye wasiwasi husahau anachokijua. Andika kwa maneno, "saa nne asubuhi", bandika ukutani, na hakikisha ni saa za Afrika Mashariki na si za Ottawa.

La pili ni lugha. Katika kujibu barua niliomba kuhojiwa kwa Kiswahili kwa msaada wa mkalimani, nikakubaliwa. Kiingereza changu cha sekondari kinanitosha kununua tiketi, hakinitoshi kueleza kwa nini ndoa ya kwanza ilivunjika. Usione aibu kuomba. Na uombe mapema, wakati wa kuthibitisha kwamba utakuwepo.

La tatu ni mahali. Kwetu Mikindani mtandao ni wa kubahatisha. Mume wangu alikuwa bado anakumbuka Mei 2024, wakati kimbunga Hidaya kilipokata barabara ya Kusini maeneo ya Somanga nami nikiwa nimeshafunga begi kwenda Dar kufuatilia hati ya polisi, na siku chache baadaye, tarehe 12, nyaya za baharini zikakatika na intaneti ikazorota nchi nzima. Tulipotezana hewani kwa muda ambao kwangu ulikuwa mrefu sana. Kwa hiyo safari hii alitaka nijiandae kama mtu anayejua kuwa kila kitu kitakatika.

Nilikataa wazo la kwenda kwenye duka la intaneti. Barua ilisema niwe peke yangu kwenye chumba, pasiwe na mtu anayesikia, nisirekodi. Binamu yangu ana ofisi ndogo ya uhasibu Shangani, akanipa chumba cha nyuma. Tulikwenda siku moja kabla, saa ile ile, kupima. Tukagundua mambo mawili. Panga boi lilikuwa linapiga kelele kiasi kwamba mume wangu upande wa pili alikuwa hanisikii, na chini ya mlango palikuwa na upenyo unaoingiza sauti zote za barabarani. Siku yenyewe nilizima panga boi, nikasokota kanga mbili nikaziba mlangoni, nikakaa na joto langu. Kompyuta ilikuwa ya binamu, ikiwa imejaa chaji. Mtandao ulikuwa wa modemu, na pembeni simu yangu yenye laini ya kampuni nyingine, kifurushi kimeshanunuliwa, tayari kugawa intaneti. Namba ya simu hiyo nilikuwa nimewaandikia, ili tukikatika wanipigie.

Umeme wa Mtwara wakati ule ulikuwa unazalishwa hapa hapa kwa gesi ya Mnazi Bay, lakini mvua za masika zikianza nguzo zinaanguka. Ulikatika kweli, katikati ya usaili. Kompyuta ikaendelea kwa betri, modemu ikazima. Nilihamia kwenye simu. Nilipoingia tena nilimwambia ofisa kilichotokea, naye akaniuliza swali lile lile upya. Hapo nasisitiza: ukikatika, usikisie swali lilikuwa nini ukajibu. Sema, "sijasikia, naomba urudie." Nilirudia maneno hayo mara nyingi siku ile na hakuna aliyekasirika.

Mama alitaka kukaa nami ndani, hata kwenye kona, asiseme kitu. Nilimkatalia kwa shida. Jambo la kwanza ofisa alilofanya baada ya kuona pasipoti yangu karibu na kamera ni kuniambia nigeuze kompyuta taratibu aone chumba chote, na nyuma ya mlango. Mama angekuwemo, ningeanza usaili kwa kujieleza kwa nini nina mtu.

Basi nikaoneshwa picha ile ya kalamu. Ofisa aliuliza nilikuwa nimekaa wapi sheikh alipokuwa anasoma, nani alikuwa pembeni yangu, mume wangu alikuwa upande gani wa nyumba, nani alisimama walii. Nilijibu kwamba baba alishafariki, walii alikuwa baba mdogo, na barua ya posa ilipokelewa na mjomba. Akauliza kwa nini mama mkwe hayumo katika picha hata moja. Hili lilikuwa halimo kwenye fomu. Nikamweleza kwamba alianguka kisimani mwezi mmoja kabla, akavunjika nyonga, na gari la kumteremsha kutoka uwanda wa Newala akiwa amelala hatukulipata. Siku ya tatu baada ya harusi tulipanda sisi kwenda kumuona. Akaniuliza nilimpelekea nini. Nikasema doti ya kanga, samaki wa kukaanga wa Mikindani, na kilo mbili za sukari. Yeye akatupikia ming'oko akiwa amekaa, anaelekeza tu, wajukuu ndio wanapika.

Mkalimani alipomaliza kulisema hilo, ofisa alikaa akiandika kwa muda. Naamini kwa moyo wangu wote kwamba majibu kama hayo ndiyo yalinifikisha. Hakuna aliyenifundisha kuhusu samaki. Mtu hawezi kukuandalia jambo dogo kama lile. Unalijua kwa sababu ulikuwepo. Ndiyo maana nawaambia watu waache kukaririshana. Ukikariri, kichwa kinajaa majibu ya maswali yasiyoulizwa, na likija la nyonga ya mama mkwe unababaika wakati jibu unalo.

Halafu likaja lile gumu. Aliuliza, kupitia kwa mkalimani, kwa nini mwanamume wa umri wake, mwenye ukaazi wa Kanada, amchague mwanamke aliyemzidi na mwenye mtoto. Swali hilo nilishalisikia kwa wifi zangu, nikalisikia kwa majirani, na sikujua kama litaniuma vile likitoka kwa mtu nisiyemjua. Nililia. Ofisa alinyamaza, akasema nichukue muda, ninywe maji.

Nilipotulia sikuleta hadithi ya Bi Khadija, mke wa Mtume aliyemzidi umri, ingawa shangazi alishanipa jibu hilo nilibebe. Nilimwambia kuhusu mwaka 2019, mama alipolazwa Ligula. Yule kijana jirani alikuwa anakuja jioni na chupa ya uji, anamsalimu mama, anakaa kidogo, anaondoka. Hajasema neno la uchumba. Mama ndiye aliyeniambia, huyu anakuja kwa ajili yako. Nikamwambia ofisa pia kwamba nilimkataa mwanzoni, nikamwambia akaoe msichana wa rika lake, na kwamba ujumbe huo upo kwenye kurasa tulizopeleka. Aliutafuta, akauona.

Kuhusu mtoto aliuliza kwa upole lakini kwa kuchimba: kwa nini humchukui? Nilieleza makubaliano ya Nachingwea, na kwamba karatasi yake imo ndani ya faili, na ripoti ya vipimo. Akauliza mume wangu anamjua mtoto huyo kwa kiasi gani. Nikasema wameshaongea kwa simu, wameonana wakati wa harusi, na mwanangu anamwita "baba wa Kanada". Kama ningemficha, sijui ningejibu nini hapo, maana binti yangu yumo kwenye picha za harusi, mstari wa mbele, kavaa gauni la njano.

Lipo swali moja lililokaribia kuniharibia, na lilikuwa la saa. Aliuliza huwa tunaongea wakati gani. Nikasema saa tatu asubuhi ya huku, anapotoka zamu ya usiku. Akasema, mbona mazungumzo mliyoleta ya Januari na Februari yanaonesha saa nne? Mume wangu hutoka kazini saa sita usiku. Alberta husogeza saa mbele mwezi Machi na kuirudisha Novemba, sisi hatusogezi. Kwa hiyo saa sita usiku ya Brooks ni saa tatu asubuhi Mtwara wakati wao wa joto, na saa nne wakati wa baridi. Nilimweleza hivyo bila kufikiri, kwa sababu kila Novemba huwa nakaa na simu mkononi saa nzima nikisubiri, kabla sijakumbuka. Mtu ambaye mwenzake yuko mbali anayajua haya mwilini. Ila ukibabaika, ofisa ana haki ya kuona majibu yako na karatasi zako havioani. Kabla ya usaili soma faili lenu zima upya, fomu zote, hasa zile mlizojaza mwaka uliopita. Hiyo ndiyo kazi ya maandalizi ninayoikubali.

Mume wangu naye alipigiwa simu, siku nyingine, peke yake. Walimuuliza kuhusu mtoto, kuhusu kodi ya nyumba anayolipa na nani anaishi naye, na kuhusu talaka yangu. Kwenye tarehe moja tulipishana: mimi nilisema mahari ilipelekwa mwezi wa Shaaban, yeye akasema Machi. Mwaka ule vyote viwili vilikuwa sawa, kwa sababu Shaaban ya 2022 iliangukia Machi kwa sehemu kubwa. Lakini kama unahesabu mambo yako kwa miezi ya Kiislamu, kaa mtafsiriane tarehe mapema, mwandike kwenye barua ya maelezo.

Ukikataliwa, mdhamini ana siku 30 tangu apate sababu za maandishi kukata rufaa katika Kitengo cha Rufaa za Uhamiaji cha Kanada. Rufaa ni ya mdhamini, kwa hiyo mume au mke wa kule ndiye ajue siku hizo zinahesabiwa. Na aliyepo Kanada anaweza kuomba maelezo aliyoandika ofisa kwenye mfumo wao, kwa dola 5, kwa sheria ya kupata taarifa, ukimsainia ridhaa. Sisi tuliomba ingawa jibu letu lilikuwa jema, nikasomewa kilichoandikwa. Nyonga ya mama mkwe imo. Chupa ya uji imo. Na imeandikwa kwamba mwombaji ametaja mtoto asiyefuatana naye na ametoa maelezo ya kuridhisha.

Viza imeshatoka. Binti yangu yumo kwenye faili, amepimwa, na baba yake amekubali tukae tena na mjomba tuzungumze habari yake atakapomaliza darasa la saba.